Kile kitundu kwenye kisigino cha soksi

Kila mara anaingia mama kwenye duka letu la uzi hapa Kadutu, Bukavu, soksi ya kichanga mkononi, kidole amekipenyeza kwenye kisigino anionyeshe. "Dada, imetoboka hata mtoto hajavaa." Namrudishia aivute. Uzi haujakatika popote. Pale ndipo alipogeuzia kazi katikati ya safu, kona ikabaki wazi. Ni safu fupi hizo. Maelekezo ya kufuma ya Kifaransa mnayoniletea kwenye simu huziita "rangs raccourcis".

Mji wetu wenyewe unazieleza. Fundi akijenga nyumba mlimani hapa Bukavu, hawezi kuzungusha mistari ya mawe sawasawa toka chini. Upande wa bondeni anapanga mistari kadhaa peke yake, kila mmoja mrefu kuliko wa chini yake, mpaka msingi ulingane, ndipo anazungusha mstari mzima. Safu fupi ndiyo kazi hiyohiyo: unafuma sehemu tu ya vitanzi, unageuza, unarudi. Upande mmoja unapata safu nyingi kuliko mwingine, na kitambaa kinajikunja. Kisigino kinapata kikombe chake. Shingo ya sweta inainuka nyuma, haimkabi mtoto kooni. Shingo inayokaba mara nyingi ilifumwa sawa mbele na nyuma.

Shida ni kwenye ngazi inayobaki pale unapogeuza. Kitanzi cha mwisho ulichofuma na jirani yake uliyemwacha hawako kimo kimoja, na hakuna uzi unaowashika pamoja. Kukaza mkono hakusaidii. Kunafanya kitambaa kigumu, na tundu linabaki.

Njia za kuziba ziko kadhaa. Ya zamani ni kumzungushia uzi yule jirani shingoni kabla ya kugeuza, halafu baadaye kuuokota uzi huo na kuufuma pamoja naye. Ni njia nzuri, ila mwanafunzi mpya hauoni ule uzi wa kuokota, hasa upande wa nyuma. Mimi naanza na ile inayoitwa ya Wajerumani, na sijutii.

Chukua uzi mnene wa rangi ya mwanga. Tafadhali msiniletee mweusi! Anzisha vitanzi 20, fuma safu chache, mbele kwa kitanzi cha kawaida na nyuma kwa cha kinyume (uzi ukiwa mbele ya sindano), umalizie na ya nyuma. Sasa, upande wa mbele, fuma 16, geuza. Uzi uwe mbele, upande wako. Hamisha kitanzi cha kwanza kwenda sindano ya kulia bila kukifuma. Halafu vuta uzi juu ya sindano, uelekee nyuma, mpaka kitanzi kile kionyeshe miguu miwili. Uvute kweli, usiubembeleze. Kisha upitishe uzi katikati ya sindano urudi mbele, ufume kinyume hadi mwisho. Geuza. Safari hii ishia 12, fanya vilevile. Tena 8. Baada ya kurudi mara ya tatu, fuma safu nzima ya 20, na kila ukifika kwenye miguu miwili, iingizie sindano yote kwa pamoja, uifume kama kitanzi kimoja.

Laza kitambaa mezani. Ukingo wa pembeni ulikoanzia safu fupi una safu 6 zaidi ya ule mwingine, na hakuna tundu.

Kosa ninalolirekebisha kila Jumamosi ni la kuhesabu. Mtu anaona miguu miwili, anahesabu vitanzi viwili, anavifuma viwili. Alianza na 20, anashangaa ana 23. Ikikutokea, usikate uzi. Rudi nyuma utafute miguu uliyoitenganisha. Ukishindwa kuitambua kwa macho, tundika kipini kidogo cha nguo kwenye kila kitanzi cha miguu miwili unapokitengeneza.

Soksi ya kichanga yenye vitanzi 32, kisigino chake kinafumwa juu ya 16. Hapo unageuza pande zote mbili, kila safari ukifuma mpaka ukutane na miguu miwili ya upande huo, bila kuifuma, mpaka kati vibaki 6 vya kawaida na kila pembeni kuna 5 vyenye miguu miwili. Kisha unapanua tena. Mtaijaribu baada ya kile kitambaa cha 20, si kabla. Kuna waliobisha, tukafumua pamoja.

Soksi ambayo tayari ina tundu hatuifumui. Tunapitisha uzi wa rangi ileile kwa sindano ya kushonea upande wa ndani, tunakusanya kona, tunafunga. Kazi ya dakika chache, na aliyenunua uzi kwetu halipi. Mafunzo ni Jumamosi mchana; njoo na sindano zako, uzi wa kujifunzia tunao.