Barua kwa mwanangu anayeandika riwaya ya Meng Jiangnü

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma mswada wako kuanzia sura ya kwanza hadi pale Ukuta Mkuu unapoporomoka kwa kilio cha Meng Jiangnü, na nimefurahi sana kuona umethubutu kuigusa hekaya hii ya mke anayemfuata mumewe aliyechukuliwa kwa nguvu kuujenga ukuta huo, ambayo Wachina huihesabu miongoni mwa hekaya zao nne kuu za mapenzi. Kwa kuwa kazi ni nzuri, nitakuandikia kwa kirefu na bila kukuficha kitu. Ombi langu ni moja: usimfanye mwanamke huyu kuwa machozi matupu.

Rudi kwenye mzizi wa kisa. Katika Zuozhuan, kitabu cha kale cha historia ya China, hakuna ukuta unaoanguka wala kilio. Yumo mjane wa Qi Liang, mpiganaji wa dola ya Qi aliyekufa katika shambulio dhidi ya dola ya Ju mnamo mwaka 550 KK. Mtawala wa Qi, akirejea kutoka vitani, alikutana na mjane huyo nje ya mji na akataka kumpa pole papo hapo. Mjane akakataa. Alisema kwamba ikiwa mumewe alikufa na hatia, yeye hawezi kupokea rambirambi. Na ikiwa hakuwa na hatia, nyumba ya wazazi wake ipo, na njiani si mahali pa kumhani. Mtawala akaenda kuhani nyumbani. Wewe uliyekulia kwetu huhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo, kwani unajua kwamba msiba una nyumba yake na kwamba anayekuja kuhani huvua viatu mlangoni, awe nani. Mwanamke anayeijua haki ya marehemu wake, akaidai mbele ya mtu mwenye jeshi, ndiye ninayemtafuta katika mswada wako na bado sijamwona.

Kilio kiliongezwa baadaye. Katika karne ya 1 KK, Liu Xiang aliandika katika mkusanyiko wake wa habari za wanawake kwamba mjane huyo, asiye na mtoto wala ndugu, aliulilia mwili wa mumewe chini ya ukuta wa mji hata baada ya siku kumi ukuta ukaanguka, kisha akajitosa katika mto Zi. Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa enzi ya Qin ambaye wewe umemweka katika kisa, hakuwamo, kwa sababu aliiunganisha China mwaka 221 KK, zaidi ya miaka mia tatu baada ya kifo cha Qi Liang. Ni katika enzi ya Tang, karne ya 7 hadi ya 10 BK, ndipo wasimulizi walipomhamishia Qi Liang kwenye utawala wa Qin na kumfanya mtu wa shokoa aliyefia kazini na kufukiwa ukutani. Sikulaumu kwa kuufuata mkondo huo. Riwaya ya mapenzi haina deni kwa kalenda, na naamini waliouanzisha walikuwa wakiwalilia vijana wa zama zao waliopelekwa mipakani.

Lakini hapo ndipo penye upungufu wa mswada. Qi Liang anachukuliwa katika sura ya tatu, naye na mkewe hawajazungumza lolote ambalo msomaji atalikumbuka. Wasimulizi wa kale wamekupa mlango: kijana mtoro wa kazi ya ukuta amejificha katika bustani ya akina Meng, na binti anayeoga bwawani anamwona. Kaa hapo. Waache wabishane, waogopane, waoane huku wote wawili wakijua kwamba askari watakuja. Katika nyimbo za kale zilizopatikana mapangoni Dunhuang, magharibi mwa China, Meng Jiangnü anashona nguo za baridi, anakosa mtu wa kuzipeleka, anaamua kuzipeleka mwenyewe. Wewe umeimaliza safari hiyo kwa aya mbili! Mwanamke anayevuka nchi kwa miguu na mavazi yaliyokatwa kwa kipimo cha mabega ya mtu mmoja anastahili sura kadhaa, kwa sababu mapenzi yake yote yamo katika safari hiyo.

Nyaraka hizo za Dunhuang zina tukio jingine ambalo hukulitumia, nami nilipolisoma niliweka kitabu chini kwa muda. Ukuta ukishaanguka, mifupa imechanganyika, naye anajidondoshea damu ili amtambue mumewe. Akishampata, haondoki. Anayageukia mafuvu mengine yasiyo na wa kuyachukua, anayauliza kwao ni wapi ili awapelekee jamaa zao habari, na roho zao zinamjibu na kuomba zitambikiwe. Huyo ni yule yule mjane aliyekataa kuhaniwa njiani, ambaye sasa anawadaia wengine heshima aliyomdaia mumewe.

Kuhusu mandhari, ondoa matofali. Ukuta wa Qin ulijengwa kwa udongo wa kushindilia na mawe. Ule wa matofali ulioutazama katika picha za Shanhaiguan, pale ukuta unapofika baharini, ni wa enzi ya Ming, na ngome yake ilianza kujengwa mwaka 1381. Hata hivyo, tukio la mfalme kumtaka Meng Jiangnü awe mkewe, yeye akadai kwanza mazishi ya heshima kisha akajitosa baharini, unaweza kuliweka pwani ile bila wasiwasi. Qin Shi Huang alifika Jieshi, katika pwani hiyo, mwaka 215 KK, na mabaki ya kasri la enzi yake yamefukuliwa ufukweni Suizhong, mkabala na miamba ya baharini ambayo wenyeji huiita kwa jina la Meng Jiangnü. Katika tukio hilo mpe maneno mengi kuliko machozi, na mfalme avae nguo za msiba kwa amri ya mwanamke huyo.

Anza na sura ya mafuvu, hata kama zile za mwanzo hazijakaa sawa, kisha unitumie nisome.

Mama yako akupendaye