Nilimwambia aende, akaenda na mwingine

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa barua ndefu, na nisamehe kama mambo yatapandana. Sijalala. Hiki kidonge changu cha kuzuia homoni kinanipandisha joto usiku hata siku nilizotulia, sasa jana ndiyo kabisa, nimegeuka huku na huku mpaka shuka likaloa, mwisho nikaona heri niamke niandike.

Kwanza sina wivu. Nalisema mapema kwa sababu najua mtu atasoma hapa aseme huyu anamwonea wivu mgonjwa. Mimi mwenyewe ni mgonjwa. Au nilikuwa, sijui sasa niitwe nani. Daktari huniambia "hakuna dalili", hajawahi kuniambia "umepona", na wewe umeshawajibu wengi wa aina yetu kwa hiyo sina haja ya kukueleza.

Rafiki yangu saratani ya titi imemrudia. Safari hii iko kwenye mifupa, uti wa mgongo na nyonga. Na mimi nimeambiwa na mtu mwingine.

Kwangu hilo tu lingetosha, nisingeandika zaidi, lakini najua utaniuliza huyo rafiki ni rafiki wa namna gani. Ni yule wa kiti cha jirani. Tulianza kemo, ile dripu ya dawa za saratani, wiki ile ile moja, kwa ile dawa nyekundu, ambayo ukienda chooni baadaye unashtuka kuona mkojo umegeuka rangi. Yeye hakushtuka, alikuwa ameshasoma kila kitu, akanieleza kabla sijaona. Ndiye aliyeniambia nisingoje nywele zianguke zenyewe kwenye mto, ninyoe kabla ya wiki ya tatu. Alininyoa yeye, nami nikamnyoa. Tulikatwa titi kwa kupishana siku chache, tukawa tunaitiana mirija ile ya kutoa maji, nani yake imejaa, nani yake imeanza kukauka. Mkono wangu ulipogoma kupanda juu, kwa sababu walinitoa na tezi za kwapani, yeye ndiye aliyekuwa akisimama nami ukutani tunapandisha vidole kidogo kidogo. Mume wangu mpaka leo hajaliona kovu langu taa ikiwa inawaka. Huyu ameliona likiwa bado na nyuzi.

Sasa mtu wa hivyo, Shangazi, akipata habari kama ile, anamwambia nani kwanza?

Amemwambia yule mgeni, binti ambaye ndiyo kwanza yuko katikati ya dozi zake, kucha bado nyeusi, hata hajajua ganzi ya vidole inavyobaki baada ya dawa kwisha. Simsemi vibaya. Ni mtoto mzuri, na wakati naingia kwenye kikundi chetu cha wagonjwa nami nilipokelewa. Ila ndiye aliyenisimamisha kwenye korido akaniambia, "Pole kwa habari ya dada," akidhani najua. Nikasema ahsante. Nikasema ahsante kama mtu anayejua! Nikaenda kukaa chooni mpaka miguu ikafa ganzi.

Kinachoniuma si kwamba hakuniambia tu. Kinachoniuma ni kwamba mimi ndiye niliyemwambia aende hospitali kupiga picha ya mgongo.

Mgongo ulianza kumuuma siku nyingi. Alisema ni kulala vibaya. Sote tulinyamaza mwanzoni, maana katika kikundi chetu kila mtu akikohoa wenzake wanatazamana, ukianza kufuata kila maumivu hutaishi. Lakini maumivu haya hayakuwa yanakuja na kuondoka. Yalikuwa pale pale wiki hadi wiki, na yakizidi usiku akijilaza, na hayo mawili tulishaambiwa na muuguzi kwamba si ya kukaa nayo. Na saratani yake si kama yangu. Yangu inalishwa na homoni, ndiyo maana nina kidonge cha kumeza kila siku kwa miaka 5, pengine 10. Yake ni ile hasi tatu, hailishwi na homoni wala haina ile protini ya HER2 ambayo dawa ingeilenga, kwa hiyo alipomaliza kemo, upasuaji na mionzi, akarudishwa nyumbani mikono mitupu. Alikuwa akinitania, "Wewe una kidonge, mimi nina maombi." Na sote wawili tulijua kwamba aina yake ikirudi, mara nyingi hurudi katika ile miaka 3 ya mwanzo. Alikuwa bado hajaimaliza.

Basi nikamwambia aende. Nikamwambia tena. Pengine nilisema mara nyingi, sikatai, lakini kipindi cha kemo alipopata homa usiku, kipimajoto kikasoma 38, si mimi niliyemtoa kitandani kwa nguvu? Alitaka kungoja asubuhi. Wakati ule chembe nyeupe za damu zikiwa chini homa haingojwi. Walipomlaza akaniambia, "Ungekuwa mpole ningekuwa nimekufa." Maneno yake mwenyewe hayo. Sasa leo ukali wangu umekuwa kosa?

Mbele ya kikundi kizima, siku nilipomuuliza kama ameshakwenda, alinitazama akasema, "Naomba usinitangulize kaburini." Watu wakainamisha vichwa. Sikumjibu neno. Mimi, unanijua kwa barua zangu, sikumjibu neno.

Kisha akaenda. Akaenda na yule binti. Akakaa naye kungoja majibu, akayapokea naye, akalia naye nadhani. Mimi nilimwambia aende, akaenda na mwingine.

Dada yangu anasema labda aliniogopea, hakutaka kunitisha. Nimemwambia aache. Kunitisha kwa lipi? Watu wanadhani mimi ndiye niliye salama, wananiambia "wewe umeshavuka". Sijavuka popote. Aina yangu haina haraka, inaweza kukaa kimya miaka 10, 15, hata 20, ndipo irudi. Yeye angalau angefika miaka 5 angepumua kidogo. Mimi sina siku ya kupumua. Hata mgongo wangu mimi umeanza kuuma tangu ile siku ya korido, ila huo ni wa kukaa vibaya, na wa mawazo.

Niliposikia nilimtumia ujumbe. Nikaandika, "Nimesikia." Basi. Wenzangu wawili wameniambia ulikuwa ujumbe wa baridi. Ningeandika nini? Pole? Sisi wenyewe tulikuwa tukizicheka zile pole za watu. Yale ya "utashinda, wewe ni shujaa" tulishakubaliana kwamba hatuambiani, kwa sababu mtu akifa ina maana hakuwa shujaa? Kwa hiyo niliandika la kweli. Nilikuwa nimesikia. Hakujibu.

Usidhani nilikaa tu baada ya hapo. Mimi ndiye niliyepanga zamu za kumsindikiza kliniki, nani atamwangalizia watoto, nani atalala naye siku za kemo mpya. Jina langu sikuliandika. Baadaye nikaliandika. Jana nikalifuta, kwa sababu sitaki aone nimejilazimisha. Kama ananitaka ataniita. Mtu anayekutaka anakuita.

Halafu kuna jambo la kikundi. Mwezi wa kumi huo unakuja, ule wa kampeni ya saratani ya titi, na wanataka nisimame nitoe ushuhuda. Mwaka jana tulisimama wawili, tumevaa rangi ya waridi, watu wakapiga makofi. Mwaka huu wanataka mimi peke yangu, "ili tuwape watu matumaini." Ina maana yeye sasa hawapi watu matumaini? Yuko kwenye matibabu ambayo hayana tarehe ya mwisho, watambadilishia dawa kila ile ya sasa itakaposhindwa, na wapo wanawake wanaoishi hivyo miaka, wanafanya kazi, wanalea. Lakini hao hatuwapi kipaza sauti. Nimekataa. Nimesema sina nafasi. Ila pia nisingependa wampe mwingine ile nafasi.

Kulikuwa na mwanamke mmoja zamani aliyeacha kuja kwenye kikundi. Alisema wazi kwamba hawezi kukaa karibu na wale ambao imewarudia, kwa sababu akirudi nyumbani halali. Mimi na rafiki yangu tulimsema sana. Nilimwita mwoga, yeye akanicheka akasema mwache, kila mtu na moyo wake. Sijui kwa nini nakuandikia habari za huyo, hayumo katika hili.

Sasa nikuambie la jana. Nilikuwa karibu kulilalia bila kulisema, lakini ndilo lililonitoa usingizi. Jana usiku amenitumia ujumbe wa sauti. Ni mrefu, dakika kadhaa. Yeye si mtu wa sauti, huandika, tena kwa kifupi. Sijaufungua. Nikiufungua ataona nimeusikiliza, na akishaona itabidi nijibu, na sijui najibu nini. Labda anaomba radhi. Kama anaomba radhi, imechelewa, aliponidhalilisha watu wote walikuwepo, na radhi basi iwe mbele ya watu wote. Labda haombi radhi wala nini, labda anataka nimpeleke kliniki. Au pengine yule binti ameshindwa, maana dozi zake zenyewe zinamlaza, na mimi ndiye wa akiba.

Au ni sauti ya kuniaga. Hapana, si hivyo, haijafika huko. Mifupa si kama ini au ubongo, tulishaelezwa hayo, mtu anapewa mionzi ya kutuliza maumivu na dawa za kuimarisha mfupa usivunjike. Najua yote hayo. Naweza kumwelezea mtu mwingine yeyote.

Nilimwomba Mungu anitumie hata neno moja kutoka kwake. Nimeletewa dakika nzima nzima, na simu nimeifunika kwa nguo.

Usiniambie nimsamehe, kwa sababu sijasema nimekasirika. Usiniambie pia kwamba mgonjwa hakosewi wala hakosei, maana sisi tulichukia sana kufanywa hivyo, kutendewa kama yai. Yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kukukatalia. Nataka aniambie kwa kinywa chake kwamba nilikuwa na haki kumsukuma. Lakini akiniambia hivyo itakuwa nimepata nini? Nilitaka picha irudi safi, anicheke, aniite mchuro mbele ya wale wale. Hiyo ndiyo nilikuwa nataka. Ningecheka naye.

Mume wangu anasema tafuta marafiki wazima. Ana nia njema, ila hao wazima nikiwaambia nimesahau nilichokuwa nataka kusema, wananiambia hata wao wanasahau. Si kusahau kule. Yeye nilikuwa nikikatika katikati ya sentensi ananimalizia, kwa sababu naye kichwa chake kina ukungu ule ule wa kemo, na mara nyingi alimalizia visivyo, tukaendelea na kile alichosema yeye.

Ninachokuuliza ni hiki. Alhamisi ni kliniki. Mimi nina uchunguzi wangu wa kawaida, yeye ana dripu, na korido ni ile moja. Benchi letu ni la mwisho, karibu na mlango, tumekaa pale tangu mwanzo, na sasa huenda yule binti yupo. Nikifika niwe nimeusikiliza ule ujumbe au nisiwe? Na nikimkuta na binti, nikae nao au nipite niende dirishani nikajiandikishe kama nina haraka? Usinijibu kwamba nifuate moyo. Moyo wangu leo asubuhi umebadilika kila nilipomaliza mstari.

Kama utaichapisha barua hii, toa ile habari ya mume wangu na kovu, anasoma ukurasa wako ingawa husema hausomi. Na ya mgongo wangu ifute kabisa, kikundi kizima kitajua ni mimi na wataanza kunisukuma nikapige picha. Namba yangu nimeiweka nyuma ya karatasi, hata ujumbe mfupi unatosha, lakini uwe kabla ya Alhamisi, tena asubuhi na mapema, kwa sababu yeye huwa wa kwanza kufika.

Ni mimi, msomaji wako wa siku zote