Hamza, legeza mikono

Mwanangu Hamza,

Asalaam aleikum. Sisi hapa Mombo hatujambo. Presha ya mama yako imeshuka, na ni yeye aliyenisukuma nikuandikie, maana mimi nilikuwa nangoja hasira zipoe kwanza.

Video yako ya pikipiki uwanjani uliyomtumia mdogo wako nimeiona. Usimgombeze, hakunipelekea. Nilimkuta kijiweni anawaonyesha wenzake, wamekodoa macho, mmoja anasema mtoto wa fundi huyo, goti linafuta lami! Nikaomba simu nikaenda nayo gereji, nikairudia mpaka chaji ikakata. Nilijivuna, usidhani sikujivuna. Pale kijiweni sikutaka tu wanione.

Lakini mikono yako, Hamza! Suti imekukaa, Yamaha inalia vizuri, goti liko chini. Sasa isimamishe picha pale unapoingia kona, tazama mkono wa nje, ule ulio mbali na kona. Umenyooka wote, kiwiko hakina hata mkunjo. Maana yake unaning'inia kwenye usukani. Kalio umelitoa upande wa ndani, halafu kifua na kichwa umevirudisha juu ya tangi, tena vimeegemea nje kidogo. Nusu ya mtu inakwenda kulia, nusu inakwenda kushoto.

Hebu fikiri. Pikipiki yako na mafuta yake ni kama kilo 190, wewe hukosi 70. Zaidi ya robo ya mzigo wote ni mwili wako. Kwa kasi ileile na kona ileile, mzigo wote, chuma na mtu, unatakiwa ulale kiasi kilekile. Mtu akijitoa kwenda ndani, chuma chenyewe hakihitaji kulala sana, tairi linabaki na nafasi, na kama kuna kitu mbele yako bado una pa kuongeza. Faida ya kujitoa ni hiyo. Sasa wewe ulichotoa kwa kalio umekirudisha kwa kifua. Goti linagusa lami kwa sababu pikipiki imelala kupita inavyohitaji, wala si kwa sababu umekaa vizuri. Wale wa kijiweni hawalijui hilo. Wewe nilidhani unalijua.

Na mkono ukikaza, hatari inahamia tairi la mbele. Lile tairi linataka kucheza kidogo. Likikanyaga mchanga linatikisika, kisha linajinyoosha lenyewe, mradi hukulishika roho. Na mchanga huko Lusail, kwenye uwanja wenu wa mbio wa Qatar, haukosekani, mwenyewe umesema ukitoka kidogo tu nje ya mstari wanaopita wengi unausikia chini ya tairi. Tena mnakimbia usiku chini ya mataa, kama wenyewe wa MotoGP, mbio za ubingwa wa dunia wa pikipiki, wanavyofanya hapo tangu 2008. Lami ya usiku inapoa, umande unashuka. Kona 16, kumi za kulia na sita za kushoto, kwa hiyo upande wa kushoto wa tairi hauli moto sawasawa. Na mimi niliyetazama nakwambia, kushoto ndiko unakokaza zaidi.

Mkono una kazi zake: kusukuma usukani upande wa ndani ili pikipiki ilale, breki, klachi, mafuta. Kukubeba wewe si kazi yake. Anayekubeba ni mguu wa nje.

Fanya hivi kabla hujarudi uwanjani hiyo Ijumaa. Iweke pikipiki kwenye stendi ya nyuma, rafiki yako akushikie kwa mbele. Panda. Kanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, pale chini ya vidole, usikanyage kwa katikati kama unavyokanyaga ngazi. Toa kalio moja, moja tu, na nyonga zisijizungushe kufuata tangi. Goti la nje lisukume juu kwenye ubavu wa tangi, kisigino kikiinuka kidogo, mpaka usikie paja limejifunga. Shusha kifua. Kichwa kiende pale ambapo kioo cha pembeni kingekuwa kama hamkuking'oa. Kiwiko cha ndani kipinde, kitazame chini. Mkono wa nje ulale juu ya tangi. Haya, sasa achia usukani mikono yote miwili. Ukilazimika kuudaka, bado hujajua kukaa. Rudia. Paja litawaka moto, liache liwake, halafu fanya na upande wa kushoto hivyohivyo.

Jambo la pili ni wakati. Wewe unajitoa huku tayari unalaza, na kwa kuwa miguu haijabeba kitu, unajivuta kwa usukani. Hapo ndipo pikipiki ilipotikisika. Uliona? Mimi niliona. Kwenye ule mnyoosho mbele ya jukwaa una zaidi ya kilomita moja, muda wote huo unafanya nini? Jitoe kalio mapema, pikipiki ikiwa bado wima, kabla hujakamata breki. Kisha bana tangi kwa mapaja, ili breki ikikusukuma mbele usiangukie mikono. Ukifika pa kukata kona huna cha kufanya isipokuwa kupeleka kichwa na macho kule unakotokea.

Najua utaniletea habari za Mick Doohan. Kweli, alichukua ubingwa miaka mitano mfululizo, 1994 mpaka 1998, na kifua chake kilibaki juu ya pikipiki. Doohan ni Doohan. Hata mabingwa wa zamani kina Agostini walikaa katikati, magoti yamebana tangi, na makombe wakabeba. Halafu 1978 Kenny Roberts akatoka Marekani na goti lake nje, akauchukua ubingwa wa dunia wa pikipiki za cc 500 mwaka uleule, na wengine wakaanza kujifunza upya. Wa leo kina Márquez wanagusa lami hadi kwa kiwiko. Lakini usitazame kiwiko hicho kinachokutoa mate. Tazama mkono wao wa nje ulivyolala.

Ukishapumzika, mwambie mwalimu wenu akurekodi kwa nyuma, kona za pande zote mbili, kisha unitumie mimi, si mdogo wako. Na hilo la kupandishwa kundi la wenye kasi, waambie utabaki la kati kwanza. Hujanisikia nikikukataza kukimbia. Mama yako ndiye anayekataza, na anasema wa kulaumiwa ni aliyekupandisha Soni umekaa juu ya tangi la pikipiki yangu ya Honda CG hujajua hata kusoma. Huwa simjibu, naenda zangu gereji.

Ukija likizo, hayo ya kutoa kalio yaache hukohuko. Barabara ya Lushoto ni ileile, basi linashuka limejaa na kona huoni mwisho wake. Hapa unakaa wima, unapiga honi.

Hela imefika. Ada ya mdogo wako nimelipa yote, iliyobaki nimenunua bati za jikoni, ila fundi ametoweka na nondo zangu mbili na simu hapokei. Jirani wa juu bado anasogeza mpaka. Safari hii amepanda migomba. Mwenyekiti amekuja, amekula, ameondoka.

Sare ya kazini umeniambia wanawakata mshahara? Hukulimalizia hilo. Na mama yako anauliza kama unakula usiku kabla ya hayo mambo yenu, maana kwenye video amekuona umekonda. Mimi nimemwambia ni suti.

Ukipata mtu anayerudi huku, mpe kipimo cha upepo wa tairi, hiki changu kinadanganya. Na tende, zile laini. Za safari ile mama yako alizigawa kwa majirani.

Mikono, Hamza.

Baba yako