Takataka niliokota, lakini kwa hasira

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nami nitoe dukuduku langu. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, ila huu ni mwaka wa sita naishi Hiroshima, Japani, nikifanya kazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Yale magari mnayoyapokea bandarini Dar yakiwa na redio inayoongea Kijapani, baadhi nimeyakagua mimi.

Juzi kaka yangu alinipigia picha ukurasa wenu wa michezo akanitumia. Mlikuwa na habari fupi ya fainali ya besiboli ya Japani, na mwandishi alipomaliza akashusha nasaha: mashabiki wetu wa nyumbani waige wenzao wa Japani, ambao timu yao ikifungwa hawanung'uniki, wanaokota takataka zao na kurudi makwao wakitabasamu. Sasa Mhariri, huyo aliyetabasamu ni nani? Maana mimi nilikuwepo.

Timu yangu ni Hiroshima Carp. Sikuichagua. Wiki ya kwanza kazini bosi alinikabidhi ovaroli, glavu na kofia nyekundu yenye herufi C, vyote kwa pamoja, akanionyesha pa kutia saini. Nilidhani kofia ni ya jua.

Usiku ninaotaka kuusema ni wa Jumatano, tarehe 11 Septemba 2024, pale uwanja wa Mazda. Toka stesheni ya Hiroshima ni mwendo wa dakika kama kumi kwa miguu, kwenye njia iliyojaa rangi nyekundu, na ukishakaa jukwaani unaona treni zikipita nyuma ya upande wa kushoto wa uwanja. Wageni wetu walikuwa Yomiuri Giants wa Tokyo, na tulikuwa tukigombea nao uongozi wa ligi. Joto lilikuwa la Februari ya Tanga. Nilinunua tambi nene za supu ya moto zinazouzwa pale uwanjani, kwa sababu kila mtu anazinunua hata kukiwa na joto hilo, nikakaa pembeni ya mzee mmoja ambaye mechi nyingi tunakutana safu ileile. Yeye ananiita Tanga-san. Mimi namwita Mzee tu, nimemfundisha maana yake, na amelipenda hilo neno.

Mzee haji na tarumbeta wala jezi. Anakuja na daftari la mistari, penseli mbili na kifutio. Kila mpigaji ana mstari wake, kila zamu ina safu yake, na kila linalotokea uwanjani analiandika kwa alama ndogo ndogo ambazo nilihitaji msimu mzima kuzisoma.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo, niseme kwa ufupi. Kila timu ina zamu 9 za kupiga. Zamu inaisha wapigaji wako watatu wakishatolewa. Ukizunguka besi zote, yaani vile vituo vya kukanyaga uwanjani, ukarudi ulikoanzia, hiyo ni alama moja. Hakuna saa. Hilo la saa ndilo lililoniua mimi.

Kwa sababu, Mhariri, ukiongoza 2-0 dakika ya 88 pale Mkwakwani, kila mtu anajua kinachofuata. Kipa anaanguka peke yake na kushika goti. Daktari anaingia na ndoo kwa mwendo wa maharusi. Watoto wanaookota mipira wanapotea ghafla. Dakika zinakwenda zenyewe. Huku hakuna pa kulala. Lazima umrushie mpira mtu aliyeshika gongo, na lazima uupitishe pale ambapo mkono wake unafika. Ukimkwepa kwa mipira minne mibaya, anapewa besi ya kwanza bure, anatembea kwa raha zake. Watatu wa mwisho huwezi kuwakimbia, lazima uwatoe.

Tulifika zamu ya tisa tukiongoza 2-0. Tanga ilikuwa alasiri, kaka akaniandikia: "Vipi, mmeshinda?" Nikamjibu: "Ngoja kidogo, wamebaki watatu tu."

Akaingia mrushaji wetu wa kufungia mchezo. Jina lake silitaji, magazeti ya huku yameshamtaja vya kutosha. Mpigaji wa kwanza akafika besi. Wa pili naye. Mzee akabadilisha penseli. Tarumbeta na ngoma zetu zilikuwa kimya, maana huku zinapigwa timu yako ikiwa na gongo tu, na watu walikuwa wameshika vibao vyao vya kugonganisha bila kuvigonga. Nikatazama ubao: 2-1, halafu sitaki kukumbuka mpangilio. Alipoondolewa, kijana yule hakuwa amemtoa mpigaji hata mmoja. Akaja mwingine. Upande wa kushoto juu, kile kipande cha rangi ya chungwa cha mashabiki wa Giants kilikuwa kinarukaruka kama sufuria ya bisi.

Na hapa nataka mwandishi wenu anisikilize. Nilimtazama Mzee. Timu ina wapigaji tisa, kwa hiyo safu moja ya daftari inawatosha wote wakipiga mara moja moja. Giants walimaliza wote tisa wakarudi kwa yule wa kwanza, na Mzee akawa hana pa kuandika. Akasogea kulia. Safu inayofuata juu yake imechapwa namba 10. Zamu ya kumi haikuwepo na wala isingekuwepo, lakini Mzee aliijaza, kwa mwandiko uleule, maana karatasi ya ile ya tisa ilikuwa imekwisha. Hakufuta kitu. Mkono wake ulikuwa unabonyeza penseli hadi karatasi ikatoboka kidogo.

Tisa, Mhariri. Alama tisa katika zamu moja. Mchezo ukaisha 9-2.

Simu ikatetemeka. Kaka: "Wale watatu wameshafika?"

Kuhusu kunung'unika: mama aliyekaa nyuma yetu, mtu wa makamo, amekuja na mjukuu, alitoa neno ambalo kwa miaka yote kule yadi, gari likidondoka kwenye jeki, sijawahi kulisikia. Mjukuu aliuliza maana yake. Hakujibiwa. Jamaa mmoja mwenye jezi alisimama, akavua kofia, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni kama mtu anayeficha kitambulisho. Watu wengi waliondoka kabla hatujapiga zamu yetu ya mwisho. Na ile njia nyekundu ya kurudi stesheni, ambayo tukishinda huwa inaimba, usiku ule ilikuwa inasikika viatu tu. Labda mwandishi wenu alipita hapo akadhani ni utulivu.

Takataka ni kweli. Niliokota bakuli langu la tambi, vijiti, na chupa ambayo haikuwa yangu. Niliziokota kwa hasira, nikazitupa kwa hasira, kila aina kwenye pipa lake.

Mtu anaweza kuniuliza, mgeni kama wewe, uchungu wote huo wa nini? Nimekulia Coastal Union. Ubingwa wetu wa ligi ni wa 1988, na kila mwaka wazee pale kijiweni wanakusimulia kama ulitokea wiki jana. Kufika huku nikakuta ubingwa wa mwisho wa Carp wa Japani nzima ni wa 1984. Nilijiona nyumbani. Nikaambiwa pia ilikotoka: timu ilianza kucheza 1950, miaka mitano baada ya lile bomu, haina kampuni kubwa nyuma yake, na mwaka 1951 ilipokaribia kufa njaa yakawekwa mapipa ya sake, ile pombe yao ya mchele, nje ya uwanja ili wananchi watumbukize chochote walichonacho. Mzee anasema baba yake alikuwa akimpa sarafu yeye atumbukize, kwa kuwa mtoto hapigwi macho akitoa kidogo. Ubingwa wa kwanza wa ligi ulikuja 1975. Mtu aliyeingizwa kwenye timu kwa mtindo huo, umwambie kufungwa si kitu? Sarafu ilikuwa yake.

Hapo sijagusa mambo mengine yanayonikera. Mwaka huu wa 2024 katika ligi yetu ya Central, moja ya ligi mbili za huku, mrushaji naye bado anashika gongo, wakati wenzetu wa ligi ya Pacific walishaachana na hilo tangu 1975. Ni sawa na kumlazimisha kipa apige penalti zote. Basi kila akija yeye, tunajua: ataweka gongo mbele ya mpira, uanguke puani pake, yeye atolewe ili mwenzake asogee besi moja. Wanaita banti, na uwanja mzima unapiga makofi. Mimi siwezi. Nimempa mpinzani mtu mmoja kati ya watatu nilionao, halafu nipige makofi? Mzee anasema nitaelewa nikizeeka.

Turudi kwenye Septemba. Tuliingia mwezi huo tukiwa kileleni mwa ligi. Tukacheza mechi 25 tukashinda 5. Tano! Kwa timu inayocheza karibu kila siku, ni kama kuamka kila asubuhi ukakuta umeibiwa. Tulimaliza wa nne: ushindi 68, kufungwa 70, sare 5, maana huku mkifika zamu ya 12 hajapatikana mbabe mnaambiwa nendeni mkalale.

Na wa tatu alikuwa nani? Yokohama DeNA BayStars, ushindi 71, kufungwa 69, sare 3. Huku ligi ina timu sita, na tatu za juu zinaingia kwenye mtoano. Yokohama wakaenda kwa Hanshin Tigers, waliokuwa wa pili, wakawatoa kwao. Wakaenda Tokyo kwa Giants wenyewe, wakawatoa. Wakakutana na SoftBank Hawks wa Fukuoka, bingwa wa Pacific aliyeshinda mechi 91 msimu mzima, wakamfunga michezo minne kwa miwili. Tarehe 3 Novemba wakamaliza kazi kwa 11-2. Ubingwa wa Japani, wa kwanza kwao tangu 1998.

Sina kinyongo na Yokohama. Walicheza. Lakini kati yetu na wao hesabu ilikuwa ndogo: tungeshinda mbili tatu kati ya zile 20 tulizopoteza, mlango wa tatu ungekuwa wetu. Na kila nikizihesabu, ya kwanza ninayoishika ni ile ya Jumatano, ambayo tulikuwa tumebakiza watu watatu. Nilikuwa chini ya Noah nyeupe nakagua kutu fainali ilipokuwa ikisikika redioni, na bosi akaja akaizima bila kusema neno. Huyo ndiye aliyenipa kofia.

Wiki hiyo nilimkuta Mzee dukani anachagua viazi. Nikamuuliza kama ameona fainali. Akasema ameona. Nikamuuliza kama aliandika kwenye daftari. Akasema daftari la mwaka huu limejaa.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Katika habari yenu mmechapa kwamba Yokohama ndio "mabingwa wa ligi ya Central 2024". Si kweli. Bingwa wa ligi ya Central ni Yomiuri Giants, aliyemaliza wa kwanza baada ya mechi 143. Yokohama ni bingwa wa Japani aliyemaliza wa tatu katika ligi yake. Najua inachanganya, hata mimi ilinichukua misimu miwili, na kama mnaniuliza mimi, mtu wa tatu kutawazwa nchi nzima ni jambo la kukaa chini na kulizungumza. Lakini ndivyo ilivyo, na huku watu wanatofautisha vikombe hivyo viwili kama mnavyotofautisha nyie Simba na Yanga.

Naomba mtoe marekebisho. Pale Azania Sekondari vijana wana uwanja wao wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, kwa hiyo msidhani wanaosoma habari hizi ni mimi na kaka yangu tu.

Kama nafasi ni finyu, kateni tambi, kateni Noah, hata Coastal mnaweza kuikata. La Giants na Yokohama litoke lote.

Mgosi wa Ngamiani,
Hiroshima, Japani.