Bwana Afya, karai langu hujaliangalia

Kwa Afisa Afya wa halmashauri yetu,

Habari za kazi. Mimi ndiye mama wa chipsi mkabala na sekondari, kibanda chenye mwamvuli uliochanika. Mwaka huu umenikagua mara tatu. Mara ya kwanza ulitaka cheti cha kupimwa afya, nikakuonyesha. Mara ya pili ulisema kofia ya kijana wangu ni chafu, na kweli ilikuwa chafu. Mara ya tatu ulifungua koki ya ndoo ya kunawia, ukaona sabuni ipo, ukaandika kwenye kitabu chako, ukaondoka. Sikulaumu kwa hayo, kipindupindu hakina mzaha. Ila siku hiyo karai lilikuwa linachemka hatua moja kutoka uliposimama, na mafuta yake yalikuwa na siku nne. Hukuuliza.

Niruhusu nikueleze mafuta yanavyochoka, maana hili nalijua kuliko wewe. Siku ya kwanza ni meupe, na mapovu yake ni makubwa, yanapasuka haraka. Mapovu yale ni maji ya kiazi yanayotoka kama mvuke. Siku ya tatu rangi ni ya chai ya mkandaa. Siku ya nne povu linakuwa dogodogo, linapanda kama la sabuni na halishuki, moshi unatoka mapema, na mafuta yenyewe yamekuwa mazito, yanang'ang'ania chipsi. Wengi hudhani chipsi hunywa mafuta zikiwa ndani ya karai. Hunywa zaidi zikishatolewa: mvuke ukipoa, kiazi kinafyonza yale yaliyonata juu yake. Nikizikung'uta vizuri zikiwa za moto, karatasi ya kufungia hailoi. Nikiwa na foleni sikung'uti.

Binti yangu anasoma lishe SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Likizo iliyopita alikaa kibandani na kalamu. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha, akasema, ni kalori 87 hivi. Kikikaangwa zinapita 300, kwa sababu maji yametoka na mafuta yameingia, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga au sukari ina 4. Kisha akahesabu soda ya mililita 350: gramu 37 hivi za sukari, vijiko tisa vya chai. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi kwa siku, na ikiwezekana ziwe chini ya 25. Kwa hiyo mtoto wa kidato cha pili anayenunua zege, yaani chipsi mayai, na soda saa nne asubuhi, kipindi cha tano hakijaanza na zile gramu 25 ameshazipita. Friji lenyewe nimepewa na kampuni ya vinywaji, kwa sharti kwamba rafu za usawa wa macho ziwe zao. Maji nayapanga chini kabisa, miguuni.

Mtaani kwetu mtu akinenepa anaambiwa "umekuwa na afya". Nami niliambiwa hivyo miaka sita na nikafurahi, mpaka zahanati waliponifunga kile kitambaa cha presha mkononi. Sasa nameza kidonge kabla ya kuwasha mkaa. Sisemi ni chipsi peke yake. Umri umeenda, na kutwa nzima niko kwenye kigoda. Lakini miaka yote hiyo mchana wangu ulikuwa ni kula mabaki ya karai.

Utaniuliza kwa nini simwagi. Dumu la lita 20 ni faida yangu ya siku kadhaa. Nikibadilisha kila baada ya siku mbili inabidi sahani ipande shilingi 500, na jirani yangu hapo mbele atabaki na bei yake na mafuta yake meusi, watoto wahamie kwake. Nilijaribu Machi. Aprili nikarudi nilikotoka. Wengine wanasema hamia alizeti. Ni kweli, karibu nusu ya mawese tunayokaangia ni yale mafuta ya kuganda yanayopandisha lehemu kwenye damu, na kwenye alizeti ni kama sehemu moja ya kumi. Lakini alizeti ya kawaida huchoka upesi zaidi ikikaangiwa kutwa, kwa hiyo ukiiacha karaini siku nne hujafanya kitu.

Kuna jingine naona haya kuliandika. Mafuta yangu yakishakuwa meusi kabisa sijawahi kuyamwaga. Kila Jumamosi kuna kijana hupita na dumu, ananilipa, na najua anakoyapeleka: kwa wakaanga mihogo na samaki wa stendi. Wewe nimekuona pale stendi jioni, ukinunua mihogo.

Ninachoomba ni mstari mmoja kwenye fomu yako ya ukaguzi: mafuta. Rangi, povu, moshi, yamebadilishwa lini. Kuna hata vikaratasi vya kuchovya vinavyobadilika rangi mafuta yakiharibika, havihitaji maabara. Ukikuta yamechoka, nimwagishe mimi na umwagishe jirani yangu siku hiyohiyo, ili bei itupandie sote. Na mtutafutie pa kuyapeleka. Watengeneza sabuni wanayatumia. Wakitulipa bei ile ya kijana wa Jumamosi, sioni nani atakayekataa.

Mafuta ya karai hapa mjini hubadilishwa Jumatatu. Ukija Jumanne utakuta kila mtu yuko safi. Njoo Alhamisi mchana, kabla wanafunzi hawajatoka, na uje na kijiko cheupe.

Mama chipsi, mkabala na sekondari