Nguo za ng'ambo huharibikia kwenye vipimo

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mama aishiye Liège, Ubelgiji, aliyeandika kwamba mafundi wa Lubumbashi wanakula fedha za ndugu walio Ulaya na kuwapelekea nguo zisizovalika. Mimi ni fundi wa kushona hapa Katuba, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni vitenge vya harusi, au bikwembe kama tusemavyo hapa, vya watu ambao sijawahi kuwaona kwa macho.

Sikatai kwamba nguo zinaharibika. Ninachokataa ni kwamba zinaharibikia kwenye cherehani, kwa maana nyingi huwa zimekwisha kuharibika kabla mkasi haujagusa kitambaa. Mteja anayefika kibandani nampima huku nikiona jinsi anavyosimama, bega lipi limeshuka, na kama viatu atakavyovaa vina kisigino. Wa ng'ambo ananitumia picha kwenye simu na namba moja aliyoisoma kwenye nguo ya dukani, "mimi ni 42", ilhali namba hiyo hainiambii urefu wa kutoka begani hadi kiunoni, na blauzi ya kubana huponea au hufia hapo. Mwaka jana nilishona sare za wanawake saba wa familia moja; mmoja wao alipimwa na mwanawe mdogo juu ya sweta, kwa kuwa kulikuwa na baridi. Blauzi ilimfikia ikiwa koti.

Tena kitambaa hakina huruma. Pande la waksi, yaani kitambaa cha vitenge hivyo, ni yadi 6, yaani mita 5 na nusu hivi: yadi 2 za blauzi, 2 za kufunga chini, na 2 za kikwembe cha juu, ambacho kwetu mke wa mtu hapendi kuonekana karamuni bila hicho. Blauzi ikikosewa hakuna pa kuchota isipokuwa kwenye kikwembe hicho, na ndege au ua kubwa likikatwa pabaya haliungiki tena. Na kama mama huyo alichagua waksi halisi ya Uholanzi, huenda ilichapwa Helmond, mji ulio kama kilomita 100 tu kutoka kwake. Ikaja hadi kwetu Katanga kushonwa, ikarudi karibu na ilikotoka. Safari yote hiyo kwa kipimo cha kubahatisha!

Lakini mafundi nasi tuna yetu. Wengi hukata akiba ya mshono, yaani kitambaa cha ziada kinachoachwa ndani ya mshono, hadi inabaki sentimita moja, ili masalio yashonwe vilemba na mikoba ya kuuza, wakati akiba ya sentimita 3 kila ubavu ingemwezesha fundi yeyote wa huko kufumua na kupanua. Tunapokea pia kazi wiki mbili kabla ya harusi, tukijua wazi kwamba nafasi ya kurekebisha haipo, kwa sababu malipo ya awali yamekwisha kuingia kwenye simu. Nami nimefanya hivyo.

Sasa sikati kitambaa cha mtu wa ng'ambo bila nguo ya mfano, yaani blauzi inayomkaa vizuri, hata iwe kuukuu, aliyoiacha kwa mama yake au atakayoileta msafiri. Naitandaza mezani na kuipima mwenyewe. Asiye nayo namshonea kwanza ya majaribio kwa amerikani, kitambaa cha pamba kisicho na rangi, anaivaa, anapigwa picha mbele, nyuma na ubavuni, ndipo naigusa waksi. Kazi inachelewa, na wateja wawili wamenihama.

Fundi aliyemshonea mama wa Liège simfahamu. Kama mama huyo bado anayo blauzi yake, naomba aigeuze atazame mishono ya ubavuni. Akikuta akiba, nguo itapona hukohuko. Akikuta imekatwa hadi ukingoni, ana haki ya kudai fedha zake, nami nitasimama upande wake.

Fundi wa kushona,
Katuba, Lubumbashi