Corsica haipimwi kwa mita

Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari uliwaambia wasomaji kwamba njia ya GR20 katika kisiwa cha Corsica, Ufaransa, ni matembezi ya wiki moja kwa yeyote aliyewahi kufika Kibo, kwa sababu kilele kirefu cha kisiwa hicho, Monte Cinto, kina mita 2,706 tu. Ni kweli, hiyo haifiki nusu ya Kilimanjaro. Ila ushauri uliojengwa juu ya hesabu hiyo utamvunja mtu mguu.

Kilimanjaro adui ni hewa nyembamba. Njia imekanyagwa vizuri, mpagazi amebeba mzigo, kiongozi yuko mbele anakukumbusha pole pole. Corsica hewa imejaa tele, lakini wapagazi hakuna, kiongozi si lazima, na njia yenyewe kwa sehemu kubwa ni mawe matupu: unapanda pengo lililo kati ya vilele viwili, unashuka korongo, unapanda tena, mara nyingi kwa mikono. Kutoka Calenzana kaskazini hadi Conca kusini ni kilomita 180 hivi, na ukijumlisha milima yote unayopanda unapita mita 10,000. Njia imegawanywa hatua 16, yaani vipande vya siku moja moja. Wapo wanaounganisha hatua mbili kwa siku, ila hao walishazoea mwamba muda mrefu.

Tazama hatua ya tatu, kutoka kibanda cha Carrozzu hadi Ascu Stagnu. Kwenye ramani haifiki kilomita 7, umbali ambao mjini mtu anautembea kabla ya chai. Huko inachukua muda wa saa 5 hadi 6. Mwanzoni unavuka kijito cha Spasimata kwa daraja la kuning'inia, kisha unafuata mabamba ya mwamba yaliyoinama kuelekea bondeni, yenye minyororo iliyopigiliwa ubavuni. Bamba likiwa kavu, soli ya mpira inanata. Likilowa, ni sabuni. Kabla ya kufika hapo, fimbo za kutembelea zifungwe kwenye begi, maana mkono mmoja ni wa mnyororo na mwingine ni wa mwamba. Kipande cha mnyororo kati ya msumari na msumari ni cha mtu mmoja. Wakishika wawili, yule wa juu akiuvuta anamyumbisha wa chini. Na mvua ikiwa imenyesha usiku, subiri mwamba ukauke. Watu wengi huteleza hapo kwa kuona aibu kusubiri.

Hiyo pole pole nayo ina mipaka yake. Wakati wa kiangazi jua hupasha miteremko, hewa yenye unyevu kutoka baharini hupanda pande zote mbili za kisiwa, na kufikia adhuhuri mawingu yamejazana juu ya vilele. Saa nane au saa tisa mchana radi inaanza. Ndiyo maana wenye uzoefu hutoka kibandani saa kumi na moja alfajiri, wakiwa na taa ya kichwani, ili saa sita iwakute wameshashuka kutoka mgongo wa mlima. Anayekunywa kahawa taratibu na kuondoka saa mbili huwa juu kabisa kwa wakati mbaya kabisa. Radi ikikukuta, achana na minyororo, shuka kutoka mgongoni mwa mlima, weka fimbo mbali, chuchumaa juu ya begi miguu ikiwa pamoja. Usijibanze chini ya mti uliosimama peke yake wala kwenye kijipango kifupi cha mwamba.

Hata kanuni kwamba radi huja alasiri si dhamana. Tarehe 18 Agosti 2022 dhoruba ilipiga kisiwa hicho asubuhi, kwa upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa mahali pengine, na watu 5 wakafa. Kwa hiyo tangazo la tahadhari la Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, lisomwe jioni na lisomwe tena kabla ya kufunga begi. Simu hushika kwa kubahatisha, zaidi kwenye mapengo ya juu; mabondeni usiitegemee. Namba ya dharura ni 112.

Kuna kosa moja katika ramani mliyochapisha ambalo tunaomba mlisahihishe. Bado inapitisha njia kwenye Cirque de la Solitude, bonde la kaskazini lenye kuta za mwamba. Tarehe 10 Juni 2015 maporomoko ya udongo na mawe yaliua watu 7 pale, na njia ikahamishwa. Sasa inapanda hadi Pointe des Éboulis, mita 2,607, kisha inashuka kwenda kibanda cha Tighjettu. Ni miongoni mwa siku ndefu zaidi za kaskazini. Kitabu chochote kinachoisifu ile minyororo ya zamani ya Cirque ni cha kale.

Alama za njia ni mstari mweupe juu ya mwekundu, uliopakwa kwenye mawe. Ukitembea dakika kumi bila kuuona, rudi hadi ule wa mwisho uliouona. Usikate njia ya mkato. Rangi ya njano kwa kawaida ni ya vijia vya pembeni, vingi vikiteremka vijijini.

Mzigo usizidi kilo 12, maji yakiwemo. Siku ya kwanza unatoka mita 275 hadi mita 1,520 kwenye jua kali, na maji ya kutegemea njiani hakuna: beba lita 3. Viatu vipya vitakutoa malengelenge, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba viatu vizuri vilivyokaa kabatini miaka mingi ni vibaya zaidi. Tabaka la povu ndani ya soli huoza taratibu, kwa macho huoni kitu, na siku ya pili mlimani soli inabanduka yote kama ganda. Kabla ya safari ikunje kwa nguvu na utembee nayo siku nzima nyumbani.

Kulala kunahitaji nafasi iliyowekwa mapema, iwe ni kitanda au hema, na hema husimikwa karibu na kibanda tu. Moto wa kuni ni marufuku. Vibanda si kama vile vya Horombo kule Kilimanjaro. Vingine vina kunguni, na wengi wetu tunaona hema ni salama zaidi. Begi lisiwekwe juu ya godoro. Chakula kiingie ndani ya hema pamoja nawe, kwa kuwa mbweha wa huko hawana haya. Noti za euro ziwepo, kadi haifanyi kazi kila mahali.

Mwanzoni mwa Juni theluji huwa bado imelala kwenye mapengo ya juu kama Capitello, mita 2,225, nayo asubuhi ni ngumu kama kioo. Asiye na vyuma vya kufunga chini ya viatu, wala hajui kuvitumia, angoje Julai.

Msomaji mwenye wiki moja, ambaye ndiye mliyemwandikia, asianzie Calenzana. Achukue treni ya kati ya Ajaccio na Bastia, ashuke Vizzavona, ambako njia inagawanyika nusu mbili, kisha aende kusini hadi Conca. Huko migongo ya milima ni mipana zaidi na vivuli vipo vingi, ingawa radi ni ileile. Akitaka kwanza kupima miguu, kutoka stesheni hiyo hadi maporomoko ya maji yaitwayo Cascade des Anglais ni kama nusu saa kupitia msituni, na treni ya kumrudisha ipo.

Wasomaji wenu, wapanda milima,
Marseille, Ufaransa